Usingizi wa mwanafunzi hauibwi na simu pekee

Kila matokeo ya mitihani ya vyuo vikuu yanapokuwa mabaya, aghalabu kidole huelekezwa kwa mwanafunzi mwenyewe: anakesha akichezea simu, anazurura, halali. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, ila inawaondolea wakubwa mzigo ulio wao.

Mnamo 2015, Wakfu wa Kitaifa wa Usingizi wa Marekani ulipendekeza kwamba kijana wa umri wa miaka 18 hadi 25 alale saa 7 hadi 9 kila usiku. Tuseme mwanafunzi wetu anataka kuutii ushauri huo. Atalala wapi?

Vyuo vya umma vilipanua idadi ya wanafunzi kwa kasi, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha masomo ya kujilipia mnamo 1998, lakini vitanda havikuongezwa kwa kasi hiyo. Wengi hukodi vyumba vya watu binafsi Juja, Kahawa Wendani au Ngara. Wengine hulala wawili kitanda kimoja, kwa hisani ya rafiki. Humo taa haizimwi kwa kuwa mmoja ana mtihani kesho. Dirisha hufungwa kwa hofu ya wezi, joto likabaki ndani. Na ghorofa ya chini pana baa. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huruhusu desibeli 35 pekee usiku katika maeneo ya makazi. Aliyewahi kupita mitaa hiyo Ijumaa usiku anajua zinaheshimiwa kiasi gani.

Mwili nao una taratibu zake. Giza huuchochea ubongo kutoa melatonini, homoni inayoandaa usingizi, na mwanga huizuia. Joto la mwili sharti lishuke kidogo ndipo mtu asinzie vyema. Wasiwasi, kwa upande wake, huuweka mwili chonjo kana kwamba hatari i mlangoni. Yamkini mtu mtulivu atasinzia penye kelele. Mwenye dhiki hugutushwa na kitasa tu. Kesho yake darasani hashiki kitu, na hofu ya kufeli inaongezeka.

Dhiki yenyewe mara nyingi ina bei. Utaratibu mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 uliwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia. Wengi walilalamika kuwa wamewekwa kusikowafaa, na suala hilo likafika mahakamani. Mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa, naye mwenye nyumba anabisha hodi, hatalala kwa kuambiwa azime simu.

Vyuo vina washauri nasaha, na kazi yao ni njema. Hata hivyo, mshauri hana ufunguo wa chumba wala hundi ya karo. Serikali itoe fedha kabla ya muhula kuanza, nazo kaunti zikague vyumba vinavyokodishwa wanafunzi. Mabweni mapya yatachukua miaka. Lakini maktaba ikiachwa wazi usiku kucha wakati wa mitihani, angalau anayesoma hatamwashia taa anayelala, na hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.