Mafundi wasifungue injini kabla ya kuisikiliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya tabia ya baadhi ya mafundi wa magari ya kufungua injini ya mtu kabla hawajajua inaumwa nini. Mimi si fundi, ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini jambo hili limetugharimu kijiji kizima na sioni sababu ya kunyamaza.

Kijijini kwetu wakulima saba walichanga fedha zao za alizeti wakanunua pikapu ya petroli iliyokwisha tumika. Ndiyo inayopeleka mazao mnadani, na ndiyo inayopeleka wagonjwa hospitali ya wilaya, kilomita 38. Mwezi Machi 2023 injini ilianza kugonga ta-ta-ta-ta kama cherehani, hasa asubuhi. Dereva akasema ni uzee tu, akaongeza sauti ya redio. Baada ya majuma mawili wenye gari wakaingiwa na hofu, wakalipeleka gereji mjini. Nami nilikuwemo, maana nilikuwa nakwenda benki.

Fundi aliinua boneti, akasikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, akatamka kuwa ni tapeti na hedi lazima ifunguliwe. Hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Hakuuliza kama sauti inatoka injini ikiwa baridi au ikiwa moto. Gari lilikaa pale wiki tatu likisubiri vipuri, na wakulima wakalipa Sh. 480,000. Katika wiki hizo mama mjamzito alipelekwa hospitali usiku kwa pikipiki, shemeji yake akimshikilia kwa nyuma. Tunashukuru alifika salama. Pikapu iliporudi ikawashwa asubuhi ya kwanza mbele ya wote waliochanga: ta-ta-ta-ta, ile ile.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja hapa kijijini, dereva mstaafu wa malori. Kwanza alipima oili, ikawa inatosha. Kisha akauliza: "Mwalimu, sauti hii inapotea baada ya muda gani?" Nikamjibu kiasi cha dakika tano. Akasema basi si oili. Alinieleza, nami nimewaeleza watoto wa darasa la saba, kwamba gari likilala oili hushuka chini, na likiwashwa tapeti zinaweza kulia kwa sekunde chache hadi oili iwafikie. Ile ya dakika kadhaa ni ya chuma kinachosubiri kupata moto.

Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha kando ya injini bila kugusa kitu kinachozunguka. Penye silinda ya nne sauti ilikuwa kubwa mno. Akazima injini, akachomoa waya wa plagi ya silinda hiyo, akawasha tena kwa muda mfupi. Sauti ikafifia. Kama ingekuwa tapeti isingejali waya huo, kwa sababu tapeti hugonga hata silinda isipochoma petroli. Basi akafungua bati la kukinga joto, na hapo tukaona masizi meusi kwenye maungio ya menifoldi ya ekzosi. Nati moja ilikuwa imelegea na gasketi imeungua. Chuma kikiwa baridi moshi ulikuwa ukipenya kwa mapigo, kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Gasketi, nati na kazi, vyote Sh. 35,000. Tena moshi ule una kabonimonoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na ungeweza kuingia ndani kwa abiria.

Sisemi kila mlio ni ekzosi. Tapeti zenye nafasi kubwa hulia kweli, na dawa yake mara nyingi ni kupima nafasi kwa geji na kurekebisha, si kubomoa. Plagi iliyolegea hulia. Sindano za petroli hulia kidogo na ni kawaida yake. Lakini oili ikipungua, au taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, dereva azime injini hapo hapo, hata kama ni porini. Vile vile mlio mzito, ngo-ngo-ngo, unaozidi gari likipanda mlima na mzigo, huenda ni beringi za krankishafti, na huo haungoji hadi mfike mjini.

Najua mafundi watajibu kwamba wateja hatutaki kulipia kusikiliza, tunataka kuona spana. Hapo wana haki, na sisi wenye magari tumechangia kosa. Napendekeza fundi atoze ada ya kutafuta ugonjwa peke yake, aandike kwenye karatasi alichokuta na jinsi alivyokijua, ndipo mwenye gari aamue kama hedi ifunguliwe.

Jambo jingine ni vitabu. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua yanatoka Japani, na kijitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi kimeandikwa kwa Kijapani. Cha pikapu yetu dereva alikuwa anawashia moto. Navisihi vyuo vya ufundi stadi vya VETA vitoe vijitabu vidogo vya Kiswahili juu ya milio ya injini na hatua za kuikagua, viuzwe hata katika maduka ya vipuri.

Ile karatasi ya gereji ninayo bado. Imeandikwa maneno mawili, "kufungua hedi", na bei. Wakulima wale hadi leo hawajarudishiwa hata senti, na fundi anasema kazi aliyoagizwa aliifanya.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.