Goma: Garanti ya mpangaji ni deni, si faida ya mwenye nyumba

Kwa miaka mingi wakaaji wa Goma waliamini jambo moja: mwenye parseli halali njaa. Mwalimu anayekaribia kupumzika kazi, mama muuza vitenge wa Birere, kijana aliyerudi kutoka machimbo, kila mmoja alipopata akiba alinunua sementi na mabati. Nyumba ya kupangisha ilikuwa banki yake, pensheni yake na urithi wa watoto wake.

Tangu mwezi wa kwanza 2025 imani hiyo imewekwa kwenye mizani. Mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, banki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wafanyakazi wengi wa mashirika ya misaada wakaondoka. Katika kartiye kama Himbi na Les Volcans, nyumba kubwa zilizopangishwa na mashirika hayo zilibaki na mlinzi peke yake. Ndosho na Majengo, ambako pango ni dola chache, mpangaji yupo bado, lakini kazi iliyokuwa inamlipia chumba imepotea.

Wengi wanasema tatizo ni vita. Vita imeumiza kweli, hakuna wa kubisha. Lakini imefunua pia jambo lililokuwapo tangu zamani: nyumba nyingi za kupangisha zinasimama juu ya madeni ambayo mwenyewe hayaiti madeni. La kwanza kati ya hayo ni garanti.

Desturi inajulikana na kila mtu. Mpangaji anapoingia analipa garanti ya miezi mitatu, wakati mwingine sita au zaidi, na komisioneri naye anachukua chake. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, inayohusu nyumba za kupangisha, inasema wazi kwamba kwa nyumba ya kukaa garanti haipaswi kupita miezi mitatu. Inarudishwa mpangaji anapotoka, baada ya kuondoa gharama za vitu alivyoharibu. Maana yake ni nyepesi: ile pesa ni ya mpangaji. Mwenye nyumba anaitunza tu.

Nani anaitunza? Garanti inaingia asubuhi, jioni imeshakuwa minervali ya watoto, mabati ya nyumba ya pili au deni la dukani. Siku mpangaji anasema anahama, mwenye nyumba anamjibu: «Ngoja kwanza nipate mwingine.» Garanti ya anayeingia ndiyo inamlipa anayetoka. Mnyororo huo unafanya kazi vizuri mradi mji unajaa watu na nyumba hazikai tupu. Siku watu wanaondoka na hakuna anayeingia, mnyororo unakatika, na mtu wa mwisho anabaki akigonga mlango wa mwenye nyumba kila asubuhi bila kupata kitu.

Mtu atauliza kwa nini mwenye nyumba asilipe kutoka mfukoni. Jibu liko kwenye hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Chukua mfano wa nyumba inayopangishwa dola 100 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 1200. Ikikaa tupu miezi miwili tu, zinabaki 1000. Ushuru wa mapato ya nyumba, ule unaoitwa IRL, sheria ya taifa iliuweka kwenye asilimia 22 ya pango lote, kabla ya kuondoa gharama yoyote: dola 220 zimetoka. Weka 180 za rangi, kitasa, bati lililotoboka na choo kilichojaa. Zinabaki dola 600. Kama parseli na ujenzi vilimeza dola 15,000, mwenye nyumba atahitaji miaka 25 kurudisha pesa yake, bila kuhesabu ugonjwa, vita wala volkano.

Hapo ndipo uzito wa garanti unaonekana. Miezi mitatu ni dola 300, yaani nusu ya faida safi ya mwaka mzima. Aliyeila hawezi kuirudisha kwa urahisi, hata kama ni mtu mwema na mwenye kuogopa Mungu.

Anayefikiri nyumba ya kupangisha ni pesa inayokuja ukiwa umelala, aulize wanaoishi kwenye parseli yenye milango sita. Goma imejengwa juu ya mawe ya lava, na kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na patasi kwa siku nyingi. Familia sita zinatumia choo kimoja, bomba moja na mara nyingi konta moja ya umeme. Mmoja ana friji, mwingine ana taa moja tu, na mwisho wa mwezi bili inagawanywa sawasawa. Ugomvi hauishi. Mwenye nyumba anakuwa hakimu, fundi na mkusanyaji wa pesa kwa wakati mmoja.

Ni kweli pia kwamba wapo wapangaji wanaotesa. Wapo wanaokaa miezi minne bila kulipa, kisha wanahama usiku na vyombo vyao. Wapo wanaoacha mlango umevunjika na ukuta mweusi kwa moshi wa makala. Mjane anayeishi kwa pango la vyumba viwili hawezi kuambiwa avumilie tu. Lakini dawa ambayo baadhi ya wenye nyumba wanatumia, kung'oa mlango au kuondoa mabati ili mpangaji atoke mwenyewe, ni kosa, na inafunga njia ya haki. Ugomvi wa nyumba unapelekwa kwenye huduma ya makazi ili kupatanisha, na ukishindikana unakwenda tribinali ya amani. Mbele ya hakimu, mwenye mkataba na risiti anasikilizwa kuliko mwenye nyundo.

Ubaya ni kwamba wengi hawana mkataba wala risiti. Walikubaliana kwa mdomo, mbele ya komisioneri ambaye leo hajulikani yuko wapi. Garanti ilikuwa ya kulinda nyumba dhidi ya uharibifu na pango lisilolipwa. Aliyekwisha kuila amejivua ngao yake mwenyewe: mpangaji akikosa kulipa, hana kitu mkononi cha kukata.

Deni la pili ni baya zaidi, na limeongezeka tangu banki zifunge. Ni kuweka nyumba gaji. Mwenye nyumba akibanwa anakwenda kwa mtu mwenye pesa, kwenye mikopo ile ya mtaani ambayo Wakongomani wanaiita «Banque Lambert». Anaacha makaratasi ya parseli, anachukua dola, na riba inahesabiwa kwa mwezi. Mkopeshaji anaondoka na bahasha akiamini ameshika nyumba. Mkopaji anaamini atairudisha kabla ya krismasi. Mara nyingi wote wawili wamejidanganya.

Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake za dhamana ndizo zinazotumika. Sheria hizo zinasema kwamba ni mali iliyosajiliwa tu ndiyo inaweza kuwekwa ipoteke, na ipoteke yenyewe lazima iandikishwe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 nayo inasema udongo ni wa Serikali. Haki ya raia juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya konservateri. Fishi ya parseli iliyotolewa na kartiye au komini ni hatua njiani, haijawa sertifika. Basi aliyekopesha dola 3000 na kupokea fishi hana ipoteke. Ana karatasi.

Hata mwenye ipoteke ya kweli hawezi kuamka asubuhi na kufukuza familia ya watu. OHADA inakataa mkopeshaji kujimilikisha, kwa mkataba peke yake, nyumba ambayo mtu anaikaa. Lazima apite tribinali. Ndiyo maana baadhi ya wakopeshaji wanamtaka mkopaji asaini karatasi ya kuuza nyumba badala ya karatasi ya deni. Aliyekopa elfu tatu anajikuta ameuza nyumba ya elfu kumi na tano. Na mpangaji aliyelipa garanti kwa mwenye nyumba wa kwanza anaambiwa na yule mpya: «Mimi sikupokea kitu.» Deni moja lisiloandikwa limezaa lingine.

Mambo haya hayangoji amani irudi ndipo yatengenezwe. Kwanza, kila mwenye nyumba anaweza leo kununua daftari na kuandika jina la kila mpangaji, siku aliyoingia, garanti aliyolipa na hali ya mlango, dirisha na ukuta. Wasaini wote wawili, mbele ya shefu wa nyumba kumi kama shahidi. Pili, pale ambapo garanti imekwisha kuliwa na pesa hakuna, mpangaji aachwe aimalizie kwa kukaa. Wapo wanaofanya hivyo tayari, na wanaachana kwa kushikana mkono. Kinachokosekana ni kuliandika jambo hilo tangu mwanzo badala ya kulijadili siku ya kuhama. Tatu, asiyeweza kurudisha miezi mitatu asiombe sita. Kila mwezi anaoongeza ni mkopo anaouchukua kutoka kwa mtu maskini kuliko yeye.

Kwa mwenye pesa anayetaka kukopesha juu ya nyumba, shauri ni fupi zaidi: kama hakuna sertifika, na kama hakuna mahali pa kuandikisha ipoteke, anakopesha kwa kumwamini mtu, si kwa kuiamini nyumba. Atoe kiasi ambacho anaweza kukipoteza.

Goma imejengwa upya baada ya lava ya 2002 na ya 2021. Mawe yaliyomeza nyumba ndiyo yaliyojenga kuta mpya. Watu wenye nguvu ya namna hiyo hawashindwi kutunza daftari. Siku mji utakapojaa tena, pango litapanda na komisioneri watarudi barabarani. Mwenye nyumba atakayepata wapangaji wazuri wa kwanza ni yule ambaye leo, katika shida, alirudisha garanti ya watu.