Mtafsiri Aachwe Kwao

Dada yetu mmoja aliyemaliza masomo katika kitivo hiki alipata kazi ya kutafsiri katika ofisi moja ya Kinshasa. Baada ya miezi saba alirudi Lubumbashi. Kodi ya nyumba ilikula karibu nusu ya mshahara, mama yake alikuwa mgonjwa huku, na tiketi ya ndege si kitu cha kununua kila mwezi. Ofisi ikatafuta mtu mwingine, ikaanza kumfundisha upya. Ni nani aliyefaidika?

Maandishi yalimfikia kwa barua pepe, naye akayarudisha kwa barua pepe. Hakuna sentensi hata moja iliyomdai awe Kinshasa.

Waajiri wengi hudhani kwamba kumwacha mtu afanye kazi nyumbani ni kumdekeza. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Trip.com nchini China. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likaruhusiwa kukaa nyumbani siku mbili kwa wiki. Katika kundi hilo walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na kazi yenyewe haikuharibika.

Sisi wa lugha tuna hoja nyingine. Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Mitaa ya Kinshasa inazungumza Lingala zaidi. Anayemhamishia huko mtafsiri wa Kiswahili anamwajiri kwa ajili ya lugha yake, kisha anamtenga na soko, kanisa na basi ambamo lugha hiyo inaishi na kuzaa maneno mapya. Angemwacha kwao, angeweza kuajiri mmoja Bukavu, mwingine Kalemie, na wa Tshiluba kule Kananga, bila kumng'oa yeyote.

Najua pingamizi. Umeme unakatika, intaneti ni ghali, na mgeni wa kazi hujifunza vizuri akikaa karibu na mkubwa wake. Ni kweli. Basi wiki za kwanza zifanyike pamoja ofisini, halafu kazi ipimwe kwa ubora na kwa siku ya kukabidhiwa, si kwa saa za kukaa kitini. Na mwajiri anayeokoa kodi ya ofisi alipe betri, paneli ya jua na vifurushi vya intaneti. Akimtupia mfanyakazi gharama hizo zote, atamkimbiza vilevile.

Mwakani mimi pia nitaanza kutafuta kazi. Sitaki kuchagua kati ya mshahara na wazazi wangu. Mwajiri atakayeniondolea uchaguzi huo hatahitaji kutangaza nafasi yangu tena baada ya miezi saba.