Kuongeza oili si kumwaga oili

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, tuache kuisingizia barabara. Pikipiki ikizima kati ya Kibiti na Nyamisati, samaki wakaoza tengani, unalaumu mashimo. Injini ya pikipiki yako imeuliwa na oili chafu. “Bado nzito, naongeza kidogo tu,” unasema. Ile nyeusi inabaki na uchafu wake, na mpya nayo inachafuka. Imwage yote injini ikiwa na uvuguvugu, uweke mpya kwa kilomita zilizotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Ukibeba samaki, suuza cheni kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke, uipake oili. Na oili chafu usiimwage mtoni: kamba unaowauza wanakulia kwenye mikoko hiyohiyo.