Akiba Bila Hesabu Si Akiba

Wako raia wa Marekani, wawindaji na walenga shabaha, ambao hawalitupi ganda la risasi baada ya kufyatua bunduki. Huliokota, wakalisafisha, wakalirudisha katika umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, kisha wakalijaza upya nyumbani: fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Sheria ya taifa hilo inawaruhusu kufanya hivyo kwa matumizi yao wenyewe, ila anayetengeneza ili auze lazima awe na leseni. Ukiwauliza sababu, wengi watakujibu kwamba wanaweka akiba.

Huenda msomaji akauliza hayo yatuhusu nini. Hapa Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamkataza mtu kutengeneza risasi bila idhini. Isitoshe, watoto wa Baringo na Turkana ambao masomo yao yamekatizwa na milio ya bunduki wanajua kwamba gharama ya risasi haipimwi kwa pesa. Hatusemi basi kwamba desturi hiyo iigwe. Tunasema kwamba hesabu yake ina funzo kwa shule zetu.

Hoja ya Wamarekani hao ina msingi. Mara nyingi ganda la shaba ndilo sehemu yenye thamani kubwa zaidi katika risasi, nalo laweza kujazwa mara kadhaa kabla ya kupasuka. Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme risasi ya dukani ni dola 1, na iliyojazwa nyumbani ni senti 60. Kila risasi inaokoa senti 40. Lakini vifaa navyo vimenunuliwa, tuseme kwa dola 400. Mwenye navyo atalazimika kujaza risasi 1,000 ndipo arudishe gharama hiyo. Ikiwa hufyatua risasi 100 kwa mwaka, atangoja miaka 10. Na ikiwa hujaza 50 kwa saa, atakuwa ametoa saa 20 za kazi ambazo hakuna aliyemlipa.

Hata hivyo, mtego mkubwa zaidi uko kwingine. Mtu huyu akiona risasi imekuwa rahisi, huzidisha kufyatua. Zamani alitumia risasi 100 kwa dola 100. Sasa anatumia 200, na kwa senti 60 kila moja amelipa dola 120. Ameokoa katika kila risasi, na bado mwisho wa mwaka mfuko wake umepungua zaidi kuliko zamani.

Jambo hili si geni kwa wanauchumi. Mwaka wa 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alichapisha kitabu kuhusu makaa ya mawe. Alionyesha kwamba mitambo ya mvuke ilipoboreshwa, ikafanya kazi ile ile kwa makaa machache, matumizi ya makaa nchini Uingereza hayakupungua bali yaliongezeka, kwa kuwa nguvu iliyokuwa rahisi ilitafutiwa kazi mpya.

Sasa tuzitazame shule zetu. Shule inachoka kulipia uchapishaji wa mitihani mjini, inaamua kununua mashine yake ya kunakili, na wazazi wanaombwa mchango kwa jina la akiba. Kweli, kila karatasi inashuka bei. Lakini mtihani uliokuwa mmoja kwa muhula unakuwa wa kila wiki, wino unakwisha mapema, fundi anaitwa, na muhula unaofuata wazazi wanaombwa mchango mwingine. Wenyewe hawaelezwi imekuwaje akiba ikazaa deni.

Hatusemi kwamba mashine hiyo ni mbaya. Mazoezi mengi huenda yakamfaa mwanafunzi, kama vile Mmarekani anayejaza risasi zake anavyopata ustadi na risasi inayolingana na bunduki yake. Faida hizo ni za haki, lakini ziitwe kwa majina yake. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe mchango ana haki ya kujua kama analipia akiba au analipia mazoezi zaidi.

Tena kujitegemea kusichukuliwe kuwa kinga. Katika miaka ya 2020 na 2021, fataki ziliadimika Marekani na bei yake ikapanda mno. Wenye mashine na magamba tele walibaki mikono mitupu, kwa maana kitu kimoja kidogo kilikuwa bado kinatoka kiwandani. Shule yenye mashine lakini haina wino iko katika hali hiyo hiyo.

Tunapendekeza basi kwamba bodi ya shule isinunue chombo chochote kwa jina la akiba kabla ya kujibu maswali matatu: kitarudisha gharama yake baada ya muda gani, nani atatoa kazi, na matumizi yatadhibitiwa vipi baadaye? Na mwalimu wa hesabu awape wanafunzi wake swali hilo kwa tarakimu halisi za shule yao. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza. Mali bila daftari, wahenga walituonya, hupotea bila habari.