KUKU MMOJA NA WATU WANANE

Ukurasa huu wa nyumba waandikwa na mwalimu wa chuoni, na yamkini baadhi ya mabibi watatucheka kwa kutia mguu jikoni. Nao wacheke. Watoto tuwasomeshao hutujia asubuhi na matumbo yao, na mwenye njaa huonekana kabla hajafungua juzuu.

Jambo lenyewe ni hili. Kuku achinjwapo katika nyumba ya watu wanane hukatwa vipande, na kila kipande kina mwenyewe kabla hakijaiva. Firigisi na paja ni za baba. Kidari ni cha mgeni, au cha kaka mkubwa. Mama aliyemkamata, akamnyonyoa, akampika, hula shingo na miguu peke yake jikoni. Na binti zake huchovya mkate mchuzini wakasema wameshiba. Hatusemi kuwa ni haramu baba kula firigisi. Twasema kwamba mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wana haja ya nyama kuliko bwana aliyekwisha kula mishikaki barazani, na kwamba mtoto wa kike hakui kwa harufu. Bwana mwenye shaka na ale siku moja jikoni pamoja na watu wake, aone kilichobaki.

Kwa hiyo tumeona tueleze upishi mmoja wa Marekani, mashuhuri hasa katika majimbo ya kusini, ambao ndani yake kuku hana paja wala shingo. Nyama yote huchambuliwa mfupani ikarejeshwa chunguni, ukaongezwa unga, na kila mtu akapata sawa kwa upawa. Wenyewe wauita kuku na madonge. Ni chakula cha mashamba, cha kuku mzee aliyeacha kutaga na watu wengi wa kulishwa. Wala si kigeni kabisa kwetu: mabibi wa pwani wajua vipopoo vya unga vipikwavyo katika tui na sukari, na majirani zetu Wahindi wana muthia, madonge ya unga wa mawele ndani ya mchuzi wa nyama.

Kuku na achinjwe kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kisu kikali, na aachwe afe kabisa kabla ya kutiwa katika maji ya moto. Twalisema hili kwa kuwa tumeona vijana wa sokoni wakimtumbukiza angali akipapatika, na huo ni udhalimu.

Kuku wa kilo 2 hutiwa katika maji lita 3, pamoja na kitunguu, karoti mbili, pilipili manga na chumvi. Yakichemka, engua povu, kisha punguza moto hata maji yawe yakitikisika tu. Kuku mzee wa kienyeji ataka saa 2 na nusu au 3. Mishipa na ngozi zake ni ngumu, na kwa moto mdogo wa muda mrefu huyeyuka zikaufanya mchuzi kuwa mzito. Moto wa haraka hukausha nyama, ikawa nyuzi. Kuku wa kisasa hutosheka na saa moja, walakini mchuzi wake ni mwepesi, na sisi hatumsifu kwa kazi hii. Akiiva mtoe, apoe kidogo, uchambue nyama yote. Hapo kitoto cha miaka sita chaweza kusaidia, na kila kionjacho kisihesabiwe.

Mafuta yaliyoelea juu yaengue uyaweke. Wamarekani wengine hutia mafuta ya nguruwe katika unga. Sisi tuna haya ya kuku, au samli, na hatupungukiwi na ladha. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vitatu vya chai vya poda ya kuumulia, nusu kijiko cha chumvi, na vijiko vitatu vya chakula vya yale mafuta. Fikicha, kisha tia maziwa, kikombe kimoja kasoro, ukoroge kwa mwiko. Usikande kama chapati! Unga ukikandwa sana hunyambuka kama mpira, na donge likawa jiwe.

Poda hiyo ina hadithi tuipendayo. Mwaka 1843 mwuza dawa wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Alfred Bird, aliitengeneza kwa ajili ya mkewe, ambaye hakuweza kula kitu kilichoumuliwa kwa hamira. Mabwana wa barazani na waisikie.

Sasa mchuzi na uwe ukichemka polepole. Dondosha unga kwa kijiko juu yake. Yatoka madonge kama 16, mawili kwa kila mtu. Funika, na usifunue kwa dakika 15, kwani ni mvuke uyapikao upande wa juu. Kisha pasua moja: ndani liwe kama mkate, si kama uji. Wako wapendao kuacha ile poda, wakausukuma unga mwembamba na kuukata vipande virefu. Huo nao ni upishi wa kusini, na huufanya mchuzi kuwa mzito zaidi. Mwisho rejesha nyama, ipate moto sawasawa.

Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji apikapo mchuzi, na awaangalie jirani zake. Chungu hiki chakubali agizo hilo bila taabu, kwa kuwa kikombe kimoja zaidi cha maji na unga kidogo ni bakuli la mjane wa nyumba ya pili. Bakuli hilo litoke kwanza. Kisha mama apakue lake pamoja na wengine, akae nao mkekani.

Kikibaki chakula, kisikae nje kupita saa mbili. Kiwekwe penye baridi. Asubuhi madonge yatakuwa yamekunywa mchuzi wote. Ongeza maji ya moto, kichemke barabara, na watoto wale kabla ya kuja chuoni.