Tatizo Siyo Nani Yupo Nyuma ya Pazia, Tatizo ni Pazia Lenyewe!

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, ila staa yupo ndani ya hii stori, maana yeye ndo kaianzisha.

Kuna dada mmoja maarufu hapa Bongo, jina namhifadhi, mnamfuata karibu wote. Karusha kipande cha video kutoka Marekani, mtu transijenda anatoka kwenye chumba cha kujaribia nguo dukani. Chini kaandika wanawake tuwe macho, hawa watu wanakuja kutuchungulia. Basi bana, haikupita siku mbili video imeshatua huku kwetu Runazi, kila grupu la WhatsApp, mpaka la kikoba cha mama.

Siku ya gulio nikaona matunda yake kwa macho yangu. Dada mmoja mrefu, mabega mapana, sauti nzito, kaja kuchagua suruali za mitumba. Muuzaji akamshikia kanga ajaribu, kama tunavyofanya siku zote. Vijana kadhaa waliokuwa wamekaa kwenye pikipiki wakaanza: huyo siyo mwanamke, huyo ndo wale wa kwenye video. Mmoja akapaza sauti eti avuliwe tuhakikishe! Yule dada anasema jamani mimi mama wa watoto wawili, nani anamsikiliza? Ikabidi mama mmoja muuza nyanya asimame, awaambie mkwe wa nani huyo mnayemtukana. Ndo wakapoa. Dada wa watu kaondoka analia, suruali kaiacha.

Sasa mniambie, pale gulioni nani alikuwa hatarini? Na hatari yenyewe ilikuwa imevaa gauni au imevaa kofia na imekaa kwenye pikipiki?

Najua kuna mtu atasema, aah, yule alikuwa mwanamke kweli, walikosea tu. Ndugu yangu, hapo ndo mimi na wewe tunapopishana. Kwa hiyo angekuwa transijenda ingekuwa halali kumvua nguo sokoni? Hapana. Kuna kesi Kenya, mtu transijenda alikamatwa Eldoret mwaka 2019, akapelekwa rumande, akavuliwa nguo na kukaguliwa mwili wake. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ikasema utu wake na faragha yake vilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 1 za Kenya. Mahakama haikusema mkague vizuri zaidi. Ilisema yule ni binadamu.

Na hao wanaojifanya walinzi wa wanawake tunawajua. Novemba 2014 Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo stendi mchana kweupe na wanaume, sababu eti kavaa vibaya. Wanawake wa Kenya waliingia barabarani kupinga. Wale wanaume hawakuhitaji kujificha chumba chochote wala kuvaa sketi. Mtu mwenye nia mbaya haombi ruhusa ya kuingia, anaingia tu.

Sisemi hofu ya kina dada ni ya uongo. Ni ya kweli kabisa na ninayo ushahidi nyumbani. Mdogo wangu wa kike alienda mjini kununua gauni la sendoff. Duka zuri, vioo, taa, muziki. Chumba cha kujaribia ni pazia fupi lisilofika pande zote mbili. Kainua kichwa, kaona simu juu ya pazia. Aliyeishika alikuwa kijana wa hapohapo dukani, mwenye ndevu na suruali yake. Mdogo wangu mpaka leo ananunua nguo kwa kukadiria kwa macho. Je, staa wetu aliwahi kurusha video ya jambo hilo? Hilo halina kiki.

Wala siyo Bongo tu. Mwaka 2015 kule Goa, India, waziri mwanamke aliingia kujaribu nguo dukani akagundua kamera iliyoelekea kwenye chumba hicho. Korea Kusini mwaka 2018 maelfu kwa maelfu ya wanawake waliandamana Seoul kupinga kamera za siri vyooni na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Waliandamana dhidi ya kamera na wanaozitega.

Hata hao Wamarekani mnaowanukuu, msikilizeni mpaka mwisho. Aprili 2016 maduka ya Target yalitangaza mtu atumie choo na chumba cha kujaribia kinachoendana na jinsia anayojitambulisha nayo. Watu zaidi ya milioni moja walisaini kuyasusia. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza dola milioni 20 kuongeza vyoo vya mtu mmoja mmoja, vyenye mlango wa kufunga. Mlango! Mwenye hofu akapata pa kujifungia, transijenda akapata pa kujifungia, mama mwenye mtoto naye akapata.

Sasa sisi hatuhitaji dola milioni 20. Tunahitaji mbao, bawaba mbili na komeo la ndani. Fundi yeyote anamaliza kabla ya saa sita. Wewe mwenye duka uliyeweka spika ya bei mbaya nje, unashindwa komeo? Na wewe muuza mitumba, tundika turubai pande nne, usimshikie mteja kanga watu wote wanaangalia.

Na wewe dada maarufu, nakuheshimu, ila una sauti kuliko sisi wote. Umeitumia kuwaonyesha vijana wetu mtu wa kumsaka. Itumie kesho kuwaambia wenye maduka wafunge milango. Wanawake uliosema unawalinda, mmoja wao karudi kwao analia kwa sababu ya video yako.

Wadau, nitajieni hapo chini: duka gani mtaani kwenu lina mlango wenye komeo? Tuwapelekee hela yetu hao.